Maneno Yale Yale, Hasira Mpya: Oklahoma! Mbele ya Wapenzi na Wahakiki Wake

Mwaka 2019 tamthilia mbili tu za zamani za muziki ziliwania tuzo ya Tony inayotolewa kwa kazi iliyofufuliwa vizuri kuliko nyingine Broadway. Ya kwanza ilikuwa Kiss Me, Kate ya Cole Porter, iliyochezwa Studio 54 kwa mavazi ya kuvutia, dansi za nguvu, na Kelli O'Hara mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Ya pili ilikuwa Oklahoma! ya Richard Rodgers na Oscar Hammerstein, iliyochezwa Circle in the Square, ukumbi mdogo ambamo watazamaji wamelizunguka jukwaa. Taa ziliwaka juu ya vichwa vyao karibu muda wote, na kutani zilipangwa bunduki, safu juu ya safu.

Walioandaa Kiss Me, Kate walibadilisha maneno. Amanda Green alipewa kazi ya kurekebisha sehemu ambazo masikio ya leo hayazivumilii. Hata wimbo wa mwisho wa Kate, uliotokana na hotuba ya Shakespeare ya kuwahimiza wake wawatii waume, uliguswa: "wanawake" wakaondolewa, wakawekwa "watu". Walioandaa Oklahoma! waliyaacha karibu maneno yote ya Hammerstein pale pale alipoyaweka. Hata hivyo aliyeandamwa na wapenzi kwa kosa la kuivunjia heshima kazi ya wakubwa hakuwa Green. Alikuwa Daniel Fish, mwongozaji wa Oklahoma!, ambaye wahakiki wengi walimsifu na ambaye onyesho lake ndilo lililoondoka na tuzo.

Hali hiyo inaeleza mengi kuhusu ugomvi unaozuka kila tamthilia pendwa inaporudishwa jukwaani. Kwa kawaida ugomvi huo huelezwa kuwa ni wa wahafidhina na wapenda mapya: mashabiki wanataka kitu kibaki kilivyokuwa, wahakiki wanataka kibadilike. Nionavyo mimi, maelezo hayo hayatoshi. Mpenzi wa tamthilia ya muziki mara nyingi halindi maandishi, kwa sababu hajawahi kuyasoma. Analinda sauti iliyomkaa masikioni tangu utotoni. Mhakiki naye hutafuta kitu ambacho hajakiona katika maonyesho mia aliyohudhuria mwaka huo. Kati ya hao wawili, maandishi yenyewe yanakosa wakili. Fish alijitokeza kuwa wakili huyo, akayasoma kwa ukaribu mno, na ukaribu huo ndio uliowatia watu hofu.

Ili kuelewa hasira ya wapenzi, inabidi kujua Oklahoma! iliingiaje ndani ya watu. Ilifunguliwa tarehe 31 Machi 1943 katika ukumbi wa St. James, New York, ikachezwa mara 2,212, idadi ambayo hakuna tamthilia ya muziki iliyokuwa imeifikia Broadway hadi wakati huo. Marekani ilikuwa vitani. Miongoni mwa watazamaji walikuwamo askari waliosubiri kupelekwa ng'ambo, na walichokiona ni kijana wa ng'ombe aitwaye Curly akimchumbia Laurey kwenye mashamba ya mahindi, katika nchi inayokaribia kuwa jimbo kamili. Mwaka huo huo kampuni ya Decca ilitoa nyimbo zake katika santuri, zikiimbwa na waigizaji wale wale pamoja na orkestra ile ile. Santuri hizo ziliuzwa kwa wingi mno na kuifikisha Oklahoma! sebuleni kwa watu ambao wasingefika New York maisha yao yote. Mwaka 1953 jimbo la Oklahoma likaufanya wimbo wenye jina lake kuwa wimbo rasmi wa jimbo. Mwaka 1955 ikaja filamu ya Fred Zinnemann, Gordon MacRae akiwa Curly na Shirley Jones akiwa Laurey. Baada ya hapo shule, makanisa na vikundi vya mitaa viliichukua, na hadi leo vinaicheza.

Sasa tumtazame mtu mmoja katika safari hiyo ndefu. Ni Jud Fry, kibarua wa shambani anayempenda Laurey bila kupendwa, anayelala katika kibanda cha kukaushia nyama kwa moshi. Hammerstein alimpa Jud wimbo wake mwenyewe, "Lonely Room", anaouimba akiwa peke yake, na ndani yake tunasikia upweke wake na uchungu uliomjaa. Wimbo huo haukuwamo katika santuri za kwanza za 1943. Ulipokuja kurekodiwa baadaye kwa ajili ya nyongeza ya santuri hizo, hakuuimba Howard Da Silva aliyekuwa Jud jukwaani. Aliuimba Alfred Drake, yaani Curly, mpinzani wake. Katika filamu ya 1955 uliondolewa kabisa. Kwa hiyo vizazi viwili vya wapenzi waliikariri Oklahoma! nzima bila kumsikia mtu huyu akijieleza kwa sauti yake. Mtu akisema kwamba tamthilia anayoijua ni ya furaha tupu, hasemi uongo. Hiyo ndiyo aliyopewa.

Maandishi ya 1943 yanasema mengine. Katika sehemu ya kwanza Curly anamfuata Jud kibandani na kumshawishi ajinyonge. Anamwonyesha kamba na mahali pa kuifunga, kisha anamchorea picha ya mazishi yake ambapo watu waliomdharau watalia na kumsifu. Jud anavutiwa hadi naye anaitikia wimbo. Katika maonyesho mengi tukio hilo huchezwa kama kichekesho, na watu hucheka kweli. Mwishoni Jud anakuja na kisu kwenye harusi ya Curly na Laurey, anapigana na Curly, anaangukia kisu chake mwenyewe na kufa. Sheria inataka Curly afikishwe mahakamani. Eller, shangazi yake Laurey, anataka kesi iishe hapo hapo nyumbani ili maharusi wasikose fungate yao. Afisa wa serikali anapinga, anazidiwa na sauti za majirani, na baada ya dakika chache Curly anatangazwa kuwa hana hatia. Gari la farasi linafika, watu wanaimba, pazia linashuka.

Fish hakuyatunga hayo. Alichofanya ni kuacha kuyafunika. Tukio la kibandani alilichezesha gizani. Taa zote zilizimwa, watazamaji wakabaki wanasikia sauti mbili za wanaume zikizungumza taratibu kwenye kipaza sauti. Kisha uso wa Patrick Vaill, aliyekuwa Jud, ukatokea ukutani mkubwa kuliko mlango, kwa kamera inayoona gizani, machozi yakionekana. Aliyezoea kucheka mahali hapo alijikuta anamsikiliza mtu akisukumwa polepole kuelekea kitanzi na kijana ambaye tamthilia nzima inamtaka tumpende. Hakuna neno lililoongezwa.

Mwisho ndipo mwongozaji alipokwenda mbali zaidi na maelekezo ya asili. Jud anafika harusini amevaa vizuri na zawadi mkononi. Anampa Curly bunduki. Curly anampiga risasi, na damu inaruka hadi kwenye nguo nyeupe za maharusi. Baada ya hapo kesi ya haraka inaendeshwa kwa maneno ya Hammerstein, nasi tunaona waziwazi majirani wanachokifanya: wanakubaliana kumlinda mtu wao. Wimbo wa kulisifu jimbo jipya unafuata, waigizaji wakiuimba kwa kishindo cha miguu na macho makavu.

Ben Brantley wa The New York Times alikuwa miongoni mwa wahakiki walioipokea kwa shangwe. Wengi walivutiwa pia na ujirani wa ukumbi ule: meza ndefu za mbao, mahindi yanayomenywa jukwaani, sufuria za maharage na pilipili zilizopikwa mbele ya watu na kugawiwa kwa mkate wa mahindi wakati wa mapumziko. Badala ya orkestra kubwa ya Robert Russell Bennett, Daniel Kluger aliwapangia muziki wanamuziki saba wenye banjo, fidla na gitaa, wakauleta karibu na muziki wa vijijini unaotajwa na hadithi yenyewe. Ali Stroker, aliyekuwa Ado Annie, alikuwa mwigizaji wa kwanza anayetumia kiti cha magurudumu kushinda tuzo ya Tony. Hata waliochukia mengine yote hawakuwa na neno baya juu ya uchangamfu wake.

Hasira kubwa zilikuja baadaye, onyesho lilipoanza kuzunguka Marekani kuanzia Novemba 2021. Katika miji mingi watazamaji waliondoka wakati wa mapumziko. Wengine walisema wametapeliwa: jina walilonunulia tiketi ni moja, walichoonyeshwa ni kingine. Ni rahisi kwa msomi kuwacheka watu hao na kuwaita washamba. Mimi nadhani malalamiko yao yana uzito, na sababu yake iko katika vitu viwili ambavyo havina uhusiano na kiwango cha mtu kuelewa sanaa.

Kwanza ni jengo. Onyesho hili lilikua polepole katika vyumba vidogo. Fish alilijaribu mara ya kwanza na wanafunzi wa chuo cha Bard mwaka 2007, akalirudia hapo hapo Bard mwaka 2015, akalipeleka St. Ann's Warehouse kule Brooklyn mwaka 2018, ndipo likafika Circle in the Square yenye viti pungufu ya 800. Kote huko mtazamaji alikuwa kama mgeni harusini. Alinusa chakula, aliwaona watazamaji wenzake upande wa pili, na damu ilipomwagika aliona nyuso zao. Onyesho lilipopelekwa katika kumbi za ziara zenye viti zaidi ya 2,000, pazia mbele na ghorofa juu, mtu wa safu ya nyuma aliona waigizaji kumi na kitu wamekaa kwenye viti vya mbao wakizungumza kwa sauti ya chini. Uso wa Jud ukutani bado ulikuwa mkubwa. Ila ule ujirani uliokuwa ukimfanya mtazamaji ajione shahidi na mshiriki ulipotea, na bila ujirani huo giza ni giza tu. Aliyechoka akaondoka alikuwa anaeleza kwa miguu kasoro ambayo wahakiki wa New York hawakuwa na namna ya kuiona.

Pili ni namna tiketi zinavyouzwa. Kumbi nyingi za miji ya Marekani huuza tiketi za msimu mzima, maonyesho kadhaa kwa bei moja. Mtu anakuja na mama yake mzee au mjukuu wake kwa sababu jina Oklahoma! lipo katika orodha, na jina hilo limekuwa ahadi kwa miaka themanini. Mpenzi wa tamthilia ya Brooklyn alichagua kwenda kushangazwa. Mpenzi wa msimu hakuchagua. Wenye kumbi waliijua tofauti hiyo vizuri. Wangewaeleza wateja wao mapema na kwa uwazi ni onyesho la namna gani linalokuja, sehemu ya ghadhabu ingepungua.

Kuna mahali pengine ambapo wapenzi walikuwa sahihi kuliko wahakiki, nami nasimama nao. Ni ile dansi ya ndoto. Mwaka 1943 Agnes de Mille alitunga dansi ya takriban robo saa inayofunga sehemu ya kwanza: Laurey anasinzia, na wacheza dansi wanatuonyesha kinachomsumbua, harusi na Curly inayogeuka, Jud anayemchukua, wanawake wa danguro waliotoka katika picha anazoziweka Jud ukutani. Dansi hiyo ilisogeza hadithi mbele, na kwa sababu hiyo tamthilia nyingi zilizofuata ziliiga. Fish aliihamisha ikawa mwanzo wa sehemu ya pili. John Heginbotham akamtungia Gabrielle Hamilton dansi ya mtu mmoja, akiwa kichwa wazi kisicho na nywele, amevaa fulana inayometameta, akikimbia huku na huko chini ya gitaa la umeme linalonguruma. Hamilton alikuwa na nguvu za ajabu. Lakini mtu akiuliza Laurey anaogopa nini, na kwa nini akiamka anakwenda na Jud badala ya Curly, dansi hiyo haimjibu. Katika onyesho ambalo nguvu yake yote ilitokana na kuyasoma maandishi kwa makini, hapa msomaji aliliacha jambo la msingi. Mashabiki wanaoijua kazi ya de Mille hatua kwa hatua waliona pengo hilo mara moja.

Kujua hatua kwa hatua ni elimu, ingawa haitambuliwi. Wapenzi wa tamthilia za muziki ni maktaba hai. Wanajua ni beti gani zilikatwa London, ni nani aliimba kwa ufunguo gani, wapi orkestra ilipunguzwa. Mwaka 2022 Funny Girl ilirudi Broadway kwa mara ya kwanza tangu ile ya Barbra Streisand ya 1964. Beanie Feldstein alipopewa nafasi ya Fanny Brice, mashabiki wengi walisema tangu mwanzo kwamba kazi hiyo inasimama juu ya sauti, na sauti isipokuwepo mengine yote hayatasaidia. Feldstein aliondoka mwishoni mwa Julai, Lea Michele akaingia Septemba, na mapato ya wiki yakafikia kupita dola milioni 2. Onyesho lilikuwa lile lile, mapambo yale yale. Wapenzi walijua uzito uko wapi.

Hata hivyo maktaba hai nayo husahau, na husahau kwa namna inayojirudia. Mwaka 1998 Trevor Nunn aliifufua Oklahoma! katika National Theatre ya London, Hugh Jackman akiwa Curly. Nunn aliruhusiwa kuiweka kando dansi ya de Mille, jambo kubwa kwa wakati huo, na Susan Stroman akatunga mpya, Jackman na Josefina Gabrielle wakiicheza ndoto wenyewe badala ya kuwaachia wacheza dansi wengine. Shuler Hensley alimfanya Jud mtu wa kuhurumiwa. Hayo yalikuwa mabadiliko makubwa. Leo onyesho hilo, lililohifadhiwa kwenye filamu, ndilo ambalo wapenzi wengi hulitaja wanapotaka kuonyesha Oklahoma! ilivyo kwa asili yake. Asili, kwa mpenzi, mara nyingi ni ile aliyokutana nayo kwanza.

Ugomvi wa namna hii hauwahusu mashabiki peke yao. Agosti 2011 Stephen Sondheim, mwanafunzi wa Hammerstein mwenyewe na mtunzi aliyeheshimiwa kuliko wote walio hai wakati huo, aliliandikia barua gazeti la The New York Times kuishambulia Porgy and Bess iliyokuwa ikiandaliwa na Diane Paulus pamoja na mwandishi Suzan-Lori Parks. Onyesho lilikuwa bado halijafunguliwa. Sondheim alikuwa amesoma mahojiano yao tu, na kilichomchoma ni wazo la kuwaongezea wahusika historia mpya na kuufanya mwisho uwe wa matumaini zaidi. Alitetea pia jina la DuBose Heyward, mwandishi ambaye alimwona amefunikwa na jina la akina Gershwin lililotangulizwa mbele ya kazi. Barua ilikuwa kali kuliko hukumu ya mhakiki yeyote. Onyesho lilipofika Broadway, ule mwisho mpya ulikuwa umeachwa. Lilishinda tuzo ya Tony ya kazi iliyofufuliwa mwaka 2012, na Audra McDonald akashinda ya mwigizaji bora wa kike. Sondheim alizungumza kama mpenzi, kwa wivu wa mpenzi, na alisaidia. Wakati huo huo alihukumu kitu asichokiona. Yote mawili ni kweli, na ndiyo hali ya mashabiki karibu kila mara.

Kasoro ya wahakiki ni ya upande mwingine. Anayetazama tamthilia kila usiku huchoshwa na uzuri unaojirudia, na uchovu huo humfanya auone ujasiri kuwa ni ubora. Mwaka 2020 Ivo van Hove alipoileta West Side Story bila mapumziko, bila wimbo "I Feel Pretty", bila dansi za Jerome Robbins, na mandhari yake ikiwa skrini kubwa mno iliyowameza waigizaji, baadhi ya wahakiki waliisifu kwa kuthubutu kwake. Haikupata muda wa kupimwa na umma, kwani janga la korona lilizifunga kumbi mwezi uliofuata. Lakini skrini ile haikutoka popote katika kazi ya Arthur Laurents, Leonard Bernstein na Sondheim. Ililetwa kutoka nje. Bunduki za Fish zilitoka ndani: katika maandishi ya Hammerstein, Curly anaiuza bunduki yake katika mnada wa vikapu vya chakula ili ampate Laurey, pamoja na farasi na tandiko lake.

Hapo ndipo ninapoweka mstari wangu ninapohukumu kazi iliyofufuliwa. Ninauliza badiliko limeota wapi. Mwongozaji akiweza kunionyesha mahali katika maandishi, hata kama ni mstari mmoja wa wimbo uliokatwa kwenye filamu, nitakaa hadi mwisho. Akinionyesha tu kwamba hakuna aliyewahi kufanya hivyo, nitakuwa upande wa waliotoka mapumzikoni.

Onyesho la Fish lilivuka bahari mwaka 2022, likachezwa Young Vic, London, kisha Wyndham's mwaka uliofuata. Lilishinda tuzo ya Olivier, na Arthur Darvill akashinda pia kwa nafasi ya Curly. Waingereza waliligombania kidogo kuliko Wamarekani, na haishangazi. Kwao ile si nchi yao inayoshtakiwa.

Lakini shtaka lenyewe halikumalizika, kwa wapenzi wala kwa wahakiki. Oklahoma! ilitokana na Green Grow the Lilacs, tamthilia ya 1931 ya Lynn Riggs, aliyezaliwa 1899 karibu na Claremore na aliyekuwa raia wa taifa la Cherokee kupitia mama yake. Alikuwa anaiandika nchi ya kwao, iliyoitwa Eneo la Wahindi hadi ilipogeuzwa jimbo mwaka 1907. Rodgers na Hammerstein walipoichukua hadithi yake, wenyeji wa eneo hilo hawakupata wimbo wala nafasi jukwaani, na jimbo jipya likasifiwa kana kwamba ardhi ilikuwa inawangoja wakulima na wachunga ng'ombe. Fish alifunua mengi, ila hilo hakuligusa, nalo ndilo limeandikwa ndani kabisa, katika kichwa cha tamthilia: jina Oklahoma lilitoka katika lugha ya Wachoctaw.